Sataranji: Jinsi Mchezo wa Mtu Mmoja Ulivyokuwa Kazi ya Wengi

Wazee wetu walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hili twalisema sote, lakini kulitenda ni shida, hasa kwa mtu mzima. Mtoto akishindwa hulia kidogo, kisha husahau na kuomba wacheze tena. Mtu mzima hunyamaza, hurudi nyumbani, na siku ya pili akiitwa huwa na udhuru.

Nimeliona jambo hili katika mchezo wa sataranji. Yuko karani mmoja, mtu wa makamo mwenye akili njema, aliyekuwa katika timu ya chama chetu. Jioni moja alishindwa na kijana ambaye ndevu hazijamwota. Hakusema neno. Safari iliyofuata hakuja, nasi tukaenda mji wa jirani tukiwa watu watano mahali pa sita. Ubao wa sita ulikaa mtupu, na kwa kanuni za mashindano ubao mtupu huhesabiwa kuwa umeshindwa. Tulishindwa kwa pointi 2½ kwa 3½. Kama angalikuja akapata sare tu, tungalirudi sawa kwa sawa. Njiani wenzangu walimlaumu sana. Mimi niliyekuwa nahodha sikuweza kumlaumu, kwa maana usiku ule aliposhindwa sikumwambia hata neno moja la kumtuliza. Nilikuwa nikihesabu pointi.

Basi, ndugu wasomaji, nimeona vema kuandika historia ya jambo hili: jinsi sataranji, mchezo wa watu wawili walioketi kimya, ulivyopata timu, na ligi, na nahodha. Maana tukijua mambo yalivyoanza, huenda tukajua jinsi ya kuyatunza.

Kwanza tutazame asili ya mchezo wenyewe. Ulizaliwa Bara Hindi, yapata mwaka 600 baada ya Kristo, nao uliitwa chaturanga, yaani viungo vinne. Viungo hivyo ni vya jeshi: tembo, farasi, magari ya vita, na askari waendao kwa miguu. Toka Bara Hindi ulikwenda Uajemi, wakauita chatrang. Waarabu walipoishinda Uajemi katika karne ya 7 waliuchukua, wakauita shatranji, na katika kinywa cha Mswahili neno hilo ndilo sataranji letu. Na shaha, jina la mfalme wa mchezo, ni jina lile lile walilokuwa wakiitwa wafalme wa Uajemi. Mfalme akizingirwa asiwe na njia, husemwa shah mat, yaani shaha hana hila tena. Warusi hata leo huuita mchezo wote kwa maneno hayo, shakhmaty.

Waarabu waliupenda sana. Katika Baghdad mabingwa walicheza mbele ya makhalifa, na mmoja wao, as-Suli, aliyeishi katika karne ya 10, aliandika kitabu cha mafundisho yake. Kwa njia ya Hispania na Sisilia mchezo ukaingia Ulaya, na huko baadhi ya kete zikabadilika. Tembo, mnyama ambaye Wazungu wengi hawakupata kumwona kwa macho, akageuzwa na Waingereza kuwa askofu. Waziri wa mfalme akageuzwa kuwa malkia. Yapata mwaka 1500 malkia huyo akapewa nguvu ya kwenda mbali pande zote, na mchezo uliokuwa ukienda polepole ukawa mkali.

Wakuu wa Kanisa hawakuupokea wote kwa moyo mmoja. Yapata mwaka 1061 kardinali Petro Damiani alimwandikia Papa habari za askofu wa Florence aliyeonekana akicheza sataranji. Askofu alijitetea kwamba dadu ni kitu kimoja na sataranji ni kitu kingine. Damiani hakukubali, alimpa malipizi ya kusoma Zaburi zote mara tatu na kuwaosha miguu maskini 12. Lakini miaka 500 baadaye padre mmoja Mhispania, Ruy López, ndiye aliyetunga kitabu mashuhuri cha mchezo huo, nacho kikapigwa chapa mwaka 1561. Lililokuwa likiogopwa zaidi lilikuwa kamari, na kwa kweli kamari iliufuata mchezo huu kwa muda mrefu.

Katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, makao ya sataranji katika miji mikubwa ya Ulaya yalikuwa nyumba za kahawa. Iliyojulikana kupita zote ni Café de la Régence katika Paris. Humo alicheza Philidor, Mfaransa mtunga muziki, ambaye kitabu chake cha mwaka 1749 kilifundisha kwamba askari wadogo wa mbele si wa kudharauliwa, kwa kuwa mpangilio wao ndio msingi wa mchezo wote. Watu waliofika katika nyumba hizo walicheza wawili wawili, mara nyingi kwa fedha. Bingwa alikuwa kama jogoo wa kijiji. Watu walikuja kumwona, na aliyeshindwa aliondoka peke yake na haya yake. Hapakuwa na mwenzake wa kumwambia, "Pole ndugu, lakini sisi tumeshinda." Neno hilo, sisi, lilikuwa geni bado katika sataranji.

Neno hilo lilipata nguvu katika vyama. Chama cha sataranji cha London kiliundwa mwaka 1807, na cha Edinburgh katika Uskoti mwaka 1822. Chama cha Edinburgh kilikuwa kichanga, cha miaka miwili tu, kilipowaandikia watu wa London mwaka 1824 kuwataka washindane mji kwa mji. Kwa kuwa hapakuwa na reli kati ya miji hiyo, wala simu, walikubaliana kucheza kwa barua. Kila upande uliweka kamati; kamati iliketi mbele ya ubao, ikajadiliana, ikakata shauri juu ya kete moja, ikaliandika katika barua, na barua ikachukuliwa na gari la farasi kwa safari ya siku mbili hata tatu. Kisha wakangoja jibu.

Mashindano hayo ya michezo mitano yalichukua miaka minne, mpaka 1828. Fikirini subira yake. Safari moja watu wa London walikwisha kutuma shauri lao, kisha wakaona kwamba wamekosa, wakaandika wakiomba kulirudisha. Watu wa Edinburgh walikataa: lililoandikwa limeandikwa. Hapo ndipo kanuni ya barazani, ya kwamba kete iliyoguswa imekwisha kuchezwa, ilipopimwa kati ya miji miwili, nayo ikasimama. Mwisho Edinburgh ilishinda michezo miwili, London mmoja, na miwili ilikuwa sare. Mji mdogo ukaushinda mji mkubwa, ukapata kikombe cha fedha. Na namna moja ya kuufungua mchezo, iliyotumika katika mashindano hayo, huitwa ya Kiskoti mpaka leo.

Msomaji ataniuliza, Ni nani basi aliyeshinda? Jibu ni kwamba hapana mtu mmoja. Kila shauri lilitoka katika kamati. Aliyekuwa na wazo jema alilitoa likawa la wote. Aliyekosa, kosa lake likawa la wote. Nadhani hili ni jambo jipya lililozaliwa siku zile, nalo lilikuwa kubwa kuliko kikombe.

Tangu hapo kila chombo kipya cha kupelekea habari kilitumiwa kwa sataranji. Waya wa simu wa Morse ulipofunguliwa kati ya Washington na Baltimore katika Marekani mwaka 1844, watu wa miji hiyo walicheza juu yake mwaka huo huo. Mwaka 1897 wajumbe watano wa Bunge la Uingereza walicheza na wajumbe watano wa Bunge la Marekani kwa waya uliolazwa chini ya bahari, wakaachana sawa, 2½ kwa 2½. Mwaka 1945, vita vilipokwisha, Marekani na Urusi ya Kisovyeti walicheza kwa redio, watu kumi kila upande, na Warusi wakashinda kwa 15½ kwa 4½.

Lakini mashindano ya namna hii yalikuwa ya siku kuu, kama harusi. Mtu wa kawaida, mwenye kazi mchana na watoto nyumbani, alihitaji kitu kinachorudi kila juma au kila mwezi. Kitu hicho ndicho ligi.

Ili ligi iwezekane ilibidi kwanza kupatikane saa. Katika mashindano makubwa ya London ya mwaka 1851 wachezaji 16 walikutana bila kipimo cha wakati, na wengine walikaa kimya muda mrefu mno juu ya kete moja hata watazamaji wakachoka. Aliyeshinda alikuwa Adolf Anderssen, mwalimu wa hesabu wa shule katika Breslau, jambo ambalo sisi walimu twaweza kulikumbuka kwa furaha. Mwaka 1861 Anderssen huyo huyo alicheza na Kolisch wakipimiwa wakati kwa chupa za mchanga. Na mwaka 1883 zikatumika London saa mbili zilizofungwa pamoja juu ya ubao mmoja, uliobuniwa na Thomas Bright Wilson wa Manchester: moja ikienda, ya pili husimama. Tangu hapo mtu aliyetoka kazini jioni aliweza kucheza akijua kwamba atarudi kwake kabla ya usiku wa manane.

Katika miaka ile ile ya 1880 vyama vya jimbo la Yorkshire, nchi ya viwanda vya sufu na chuma, vilianza kushindania Kikombe cha Woodhouse, timu kwa timu, mwaka hata mwaka. Miji mingine ikafuata: London, Birmingham na mingineyo. Waliocheza hawakuwa mabingwa. Walikuwa makarani, walimu, wenye maduka, wachungaji, mafundi.

Nieleze jinsi ligi ya namna hiyo inavyokwenda, kwa sababu kanuni zake zina hekima ndani yake. Msimu huanza majani yanapopukutika Ulaya, yapata Septemba au Oktoba, hata Mei. Kila timu hukutana na wenzake nyumbani na ugenini. Timu huwa na watu sita au wanane. Nahodha huwapanga kwa nguvu zao: mwenye nguvu kuliko wote ubao wa kwanza, anayemfuata ubao wa pili, mpaka wa mwisho. Timu ya pili hupanga vivyo hivyo, hata mtu hukutana na mtu wa kiasi chake. Rangi hugawanywa kwa zamu: aliye ubao wa kwanza akipata nyeupe, mwenzake wa ubao wa pili hupata nyeusi, na kadhalika. Kushinda ni pointi moja, sare ni nusu, kushindwa ni bure. Mwisho pointi za timu nzima hujumlishwa.

Sasa tazameni sana hesabu hiyo. Pointi ya ubao wa mwisho ina uzito ule ule wa pointi ya ubao wa kwanza. Bingwa wa mji akishinda mchezo wa ajabu utakaosimuliwa mwaka mzima, ameleta pointi moja. Mzee wa ubao wa sita akishinda kwa kosa la mwenzake, naye ameleta pointi moja. Hapana mwenye kuuliza imepatikanaje. Katika nyumba ya kahawa wa sita alikuwa si kitu. Katika ligi, timu haiwezi kwenda bila yeye.

Na nusu pointi ina habari yake. Mtu achezaye peke yake huweza kukataa sare kwa kiburi, akajitupa apate yote au akose yote. Katika timu hana ruhusa hiyo moyoni mwake. Huenda mwenzako akaja kimya nyuma yako, akatazama ubao, akaenda zake. Nahodha huweza kumwambia mtu atoe sare au aikubali, lakini haruhusiwi kumwonyesha la kucheza. Katika hili sataranji haifanani na bao letu barazani, ambako kila apitaye ana shauri lake na kelele zake. Hapa mtu huamua peke yake, lakini haamui kwa ajili yake peke yake. Naona hilo ndilo gumu lake, na ndilo jema lake.

Zamani, katika ligi nyingi za Uingereza, mchezo ukichelewa kwisha ulipelekwa kwa mwamuzi mwenye ujuzi, naye aliutazama na kusema nani angalishinda. Timu ilirudi kwao bila kujua kama imeshinda, ikangoja siku nyingi hukumu ya ubao mmoja. Aliyeacha mchezo huo alilala akiwaza, si juu ya jina lake, bali juu ya wenzake saba.

Toka miji tukafika mataifa. Tarehe 20 Julai 1924, katika Paris, wajumbe wa nchi mbalimbali waliunda chama cha sataranji cha dunia, kiitwacho FIDE. Mwaka 1927 kikafanya London mashindano ya kwanza ya timu za mataifa. Nchi 16 zilikuja, watu wanne kwa kila nchi, nao wakashindania kikombe kilichotolewa na Mwingereza Hamilton-Russell. Hungaria ilikuwa ya kwanza.

Katika timu hizo walionekana watu wawili ambao habari zao zinatuhusu. Wa kwanza ni Max Euwe, Mholanzi, aliyekuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana Amsterdam. Alicheza kwa ajili ya nchi yake mwaka 1927. Mwaka 1928 akawa mshindi wa dunia wa wachezaji wa ridhaa, yaani wale ambao mchezo si kazi yao. Na mwaka 1935 akamshinda Alekhine, bingwa wa dunia yote, kwa 15½ kwa 14½. Miaka miwili baadaye Alekhine alikirudisha cheo chake. Euwe hakuuacha mchezo kwa haya. Aliendelea kucheza, kufundisha na kuandika, na tangu 1970 hata 1978 aliongoza chama cha dunia.

Wa pili ni Sultan Khan, mtu wa Punjab. Alikuja Uingereza mwaka 1929 pamoja na Sir Umar Hayat Khan, akiwa katika watu wa nyumba yake. Mwaka huo huo akawa bingwa wa Uingereza, akawa tena 1932 na 1933. Siku zile nchi yake ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Lakini timu yao ilipokwenda Hamburg mwaka 1930, na Praha 1931, na ilipocheza Folkestone 1933, aliyeketi ubao wa kwanza alikuwa yeye, Mhindi, na mabwana wenye elimu ya vyuo vikuu wakaketi chini yake. Ubao haukuuliza mtu katoka wapi. Mwisho wa 1933 alirudi kwao pamoja na bwana huyo, asionekane tena katika mashindano makubwa ya Ulaya, akafa mwaka 1966. FIDE ilimpa cheo cha Grandmaster mwaka 2024, miaka 58 baada ya kufa kwake. Heshima ilichelewa, lakini ilifika.

Sasa nafika kwenye habari ambayo kwangu ni nzito kuliko zote. Mwaka 1939 timu 27 zilikutana Buenos Aires katika Argentina. Walikuwa wamevuka bahari pamoja wengi wao, Wajerumani na Wapolandi, Wafaransa na Waingereza, na Wayahudi kutoka Palestina. Mashindano yalianza Agosti; tarehe 1 Septemba majeshi ya Ujerumani yakaingia Polandi, na vita vya pili vya dunia vikaanza. Timu ya Waingereza iliacha mashindano ikarudi kwao. Watatu miongoni mwao, Alexander, Milner-Barry na Golombek, walikwenda kufanya kazi Bletchley Park, mahali pa kufumbua maandiko ya siri ya adui. Waliobaki waliendelea kucheza. Timu ambazo nchi zao zilikuwa vitani hazikutaka kuketi ubao mmoja, basi katika mikutano kadhaa iliandikwa tu 2 kwa 2, bila kete hata moja kuguswa.

Hesabu ilipofungwa, Ujerumani ilikuwa na pointi 36 na Polandi 35½. Nusu pointi iliwatenga. Na katika siku zile zile Warsaw ilikuwa imezingirwa na mizinga. Wachezaji wengi hawakuwa na kwao pa kurudi, wakabaki Argentina. Mmoja wao alikuwa Miguel Najdorf, Myahudi wa Polandi aliyecheza katika timu hiyo. Mkewe, mtoto wake, wazazi wake na ndugu zake walibaki Polandi. Mwaka 1943 katika Rosario alicheza na watu 40 kwa wakati mmoja bila kutazama ubao hata mmoja, na mwaka 1947 katika São Paulo alicheza na watu 45 vivyo hivyo. Mwenyewe alieleza kwamba alitumaini habari ya jambo hilo la ajabu itaenea magazetini, na huenda jamaa yake mmoja aliye hai akaisoma, akajua kwamba yeye yupo. Hakuna aliyejibu. Walikuwa wameuawa na Wanazi.

Najdorf angaliweza kuukataa ubao tangu siku ile. Lakini alipata uraia wa Argentina, akaketi katika timu ya nchi iliyompokea, na miaka ya 1950, 1952 na 1954 timu hiyo ilikuwa ya pili katika dunia yote. Mtu aliyepoteza kila alichoita chetu alipewa tena neno sisi. Mimi nikisoma habari hii, haya ya kushindwa na kijana huonekana ndogo sana.

Baada ya vita ligi ziliongezeka. Wanawake walipata mashindano yao ya timu za mataifa mwaka 1957 katika Emmen, Uholanzi. Ujerumani Magharibi ilianza ligi yake kuu mwaka 1980, na Uingereza ilianza ligi ya mataifa yake manne mwaka 1993. Mabingwa hucheza humo, lakini chini yao ziko daraja nyingi za watu wa kawaida, mpaka vyama vidogo vinavyokutana katika ukumbi wa parokia jioni moja kila juma.

Wala sisi wa Afrika ya Mashariki hatuko nje. Katika Katwe, mtaa wa maskini wa Kampala, Robert Katende aliwafundisha watoto sataranji katika kazi ya chama cha Kikristo, akiwapa na uji. Mmoja wa watoto hao, Phiona Mutesi, aliketi katika timu ya Uganda mwaka 2010 huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Habari zake ziliandikwa kitabu mwaka 2012 na kufanyiwa sinema mwaka 2016. Na mwaka 2024, katika Budapest, mashindano ya mataifa yalipokwisha, timu ya wanaume ya India na timu ya wanawake ya India zote mbili zilikuwa za kwanza. Mchezo uliotoka kwao miaka 1400 iliyopita ulirudi nyumbani.

Basi tumejifunza nini? Nina mambo matatu.

Kwanza, vifaa vya ligi ni vichache: mbao sita, kete, saa, na chumba chenye taa. Vyama viwili vikikubaliana, ligi imekwisha kuanza. Tusingoje mabingwa, Edinburgh haikungoja.

Pili, anayeingia akiwa mtu mzima asione haya kuwekwa ubao wa mwisho. Nimekwisha kuonyesha kwamba pointi yake haina upungufu. Atashindwa mara nyingi mwanzoni, na kila akishindwa aandike mchezo wake, autazame na aliyemshinda kama mwanafunzi na mwalimu, hata kama mwalimu huyo ana miaka 14.

Tatu, na hili nawaambia manahodha, nami nikiwa wa kwanza kuambiwa: pointi zihesabiwe baadaye. Mchezo ukiisha, nenda kwanza kwa aliyeshindwa.

Nilikwenda kwa yule karani. Nilimkuta barazani kwake akicheza bao na jirani. Sikumlaumu, wala sikumsifu. Nilimwambia, "Bwana mkubwa, ubao wa sita ulikaa mtupu, na kosa ni langu." Akanyamaza kitambo, akakusanya kete za bao mkononi, akaniuliza, "Yule kijana atakuja tena?" Nikamwambia, "Atakuja mwezi ujao." Akasema, "Basi, niandikeni."

Alikuja. Alicheza na kijana yule yule saa tatu na nusu, na mwisho wakapeana mikono wakiwa sare. Kwenye karatasi yangu niliandika nusu pointi.

Watu wa Bara Hindi waliuita mchezo huu viungo vinne, wakifikiri juu ya tembo na farasi. Mtume Paulo naye alifundisha habari za mwili mmoja wenye viungo vingi, na kwamba kiungo kilicho dhaifu ndicho kinachohitajiwa. Sidhani wale wa kale walijua kwamba siku moja viungo vya mchezo wao vitakuwa watu wazima walioketi safu moja, kila mtu na ubao wake, wakishinda pamoja na kushindwa pamoja. Lakini jina walilochagua lilikuwa jina jema.